Kaligrafia ya Kijapani na amani: majibu kwa wasomaji

Je, kuna uhusiano gani kati ya kaligrafia ya Kijapani na amani?

Tusidhani kwamba brashi ya kaligrafia, yaani sanaa ya mwandiko wa wino, ni chombo cha amani kwa asili yake, kwani wakati wa Vita Kuu ya Pili watoto wa shule nchini Japani waliandikishwa kwa brashi hiyohiyo kaulimbiu za kulitukuza jeshi. Uhusiano huo ulijengwa baadaye, na miongoni mwa walioujenga wapo walioponea chupuchupu katika vita hivyo.

Naomba mfano wa msanii mmoja na kazi yake.

Inoue Yūichi (1916–1985) alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Tokyo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945, ndege za Marekani zilipoiteketeza sehemu ya mashariki ya jiji hilo na kuua watu wanaokadiriwa kufikia 100,000, alikuwa katika shule ya Yokokawa, ambamo wakazi wa mtaa walikuwa wamekimbilia. Wengi waliungulia humo. Yeye alizimia, kisha akazinduliwa. Mwaka 1952 alishirikiana na wenzake wanne kuanzisha Bokujinkai, kundi lililoitoa kaligrafia katika mazoea ya kunakili mabingwa wa kale. Hata hivyo, kazi yake kuu kuhusu usiku ule, yenye jina la shule hiyo, aliiandika mwaka 1978: herufi zimesongamana, nyingine zimeparazwa kwa haraka, mistari inaelemeana. Kwangu mimi, hiyo ina uzito kuliko kazi nyingi nadhifu zenye neno “amani”, kwa sababu inakataa waliokufa wasahaulike.

Basi kuliandika neno lenyewe hakuna maana?

Kuna maana, na si kazi nyepesi. “Heiwa”, yaani “amani” kwa Kijapani, lina herufi mbili zenye mipigo 13 ya brashi, mitano kwa ya kwanza na minane kwa ya pili. Mpigo wa mwisho wa herufi ya kwanza ni mstari wa wima unaoshuka katikati. Mwandishi akisita, karatasi hunywa wino, doa likatanuka, wala desturi hairuhusu kurudia juu yake.

Lazima nijue Kijapani?

Hapana; fuatilia brashi ilipotua, ilipokauka na ilipoinuliwa. Ila kwa kazi inayosimulia kisa, kama ile ya Yokokawa, tafuta tafsiri, maana kuustahi wino bila kujua unawalilia akina nani ni kuwapunja watu wale.