Kinga Yangu Haikuwa Imeshuka

Nilijua nina homa ya ini aina ya B siku niliyokwenda kuchangia damu. Mwezi mmoja baadaye nilikuwa nimemaliza chupa mbili za mizizi ya "kuongeza kinga", maana kila niliyemwambia alisema kinga yangu imeshuka. Pesa ile ingelipia ultrasaundi.

Kirusi hiki chenyewe hakiui ini. Wanaolijeruhi ni askari wetu wenyewe, chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T, zinapoua seli za ini zilizoingiliwa. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi vita huisha na kirusi kinaondoka. Mtoto mchanga akiambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa ni kinyume: 9 kati ya 10 hubaki nacho. Basi vita vinaendelea miaka na miaka. Ini linapata makovu, seli zinazaliana kufidia zilizokufa, na humo ndimo makosa ya vinasaba yaletayo saratani yanamopenya. Na askari nao wanachoka. Seli T ina breki, PD-1. Ikikanyagwa muda mrefu, seli ipo lakini haipigani. Saratani ikichipuka huikuta breki imeshakanyagwa, nayo huikanyaga zaidi. Ndiyo maana tangu 2020 baadhi ya wagonjwa wa saratani ya ini hupewa atezolizumab, dawa inayoachia breki hiyo. Bei yake tuiache.

Kwa hiyo ukiuziwa kinga, uliza: ipi, inayojeruhi au iliyochoka? Isitoshe, mizizi mingine huliumiza ini lenyewe.

Pima wingi wa virusi na hali ya ini. Ukiandikiwa tenofovir, dawa ya kuzuia kirusi kisizaliane, meza kila siku. (Jirani akiona kopo atadhani VVU, kwa kuwa huko nako hutumika. Mwache adhani.) Muulize daktari kuhusu ultrasaundi ya kila miezi 6, na usingoje maumivu: uvimbe mdogo kwenye ini hauumi, na kwa homa ya ini B saratani huweza kuja hata kabla ini halijasinyaa kwa makovu. Karanga na mahindi yenye ukungu tupa, usipepete ukala. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, ikikutana na kirusi hiki hatari ya saratani huongezeka maradufu na zaidi.

Halafu wapimishe wa nyumbani. Mke wangu hakukutwa nacho, ameshachanjwa dozi 3. Kaka yangu, tuliyezaliwa tumbo moja, anasema atakwenda akianza kuumwa.