ULIZA FUNDI: Ngoma inafika, taa zinachelewa

Swali: Shikamoo fundi. Mi napiga singeli huku Temeke, nimejitengenezea pedi tatu za kupiga kwa vidole, kila moja nimebandika piezo kwa chini, ile sahani ya duara ya shaba inayotoa umeme ikigongwa, zote zimeingia kwenye ESP32, kile kikompyuta kidogo chenye waifai, inayokula pawabenki, inarusha meseji za OSC, ile lugha ya vifaa vya muziki kuongea mtandaoni, kwa waifai mpaka kwenye laptopu yenye Pure Data, programu ya muziki, ndo inatoa sauti. Laptopu nayo inairudishia ESP32 meseji iwashe taa za LED kwenye pedi ziende na mdundo. Sasa nina kero mbili. Pedi mbili zinalia vizuri, ukigusa tu imo, lakini taa zinachelewa, tena hazichelewi sawasawa, mara kidogo mara sana. Halafu pedi ya tatu ni bubu. Nikiipima kwa programu ndogo isiyo na waifai inasoma, nikiwasha waifai inakufa. Nimebadilisha piezo mara mbili, wapi. Pini nilizotumia ni 34, 35 na 27. Jamaa yangu ananiambia nihamie Bluetooth, eti waifai haifai kwa muziki. Kweli?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hizo piezo ulizong'oa zitunze, ni nzima. Kosa ni pini 27. ESP32 ya kawaida ina visomaji viwili vya volti, cha kwanza kinasoma pini za 32 mpaka 39, cha pili kinasoma kina 25, 26, 27 na wenzao, na hicho cha pili waifai ikiwaka inakichukua yenyewe, we hupati kitu. Hamishia waya kwenye 32 au 33, badilisha namba kwenye programu, basi. Mi hilo lilinila Jumamosi nzima, nilishaanza kumtukana muuza vifaa moyoni. Na ukiwa bado unalehemu, kila piezo iwekee rezista ya megaohm 1 sambamba nayo na daiodi ya zena ya volti 3.3, maana piezo ikipigwa kwa nguvu inatoa volti ambazo ESP32 haiziwezi.

Sasa taa. Dalili umenipa mwenyewe bila kujua: kwenda fasta, kurudi kwa kusuasua. Huo ni usingizi. ESP32 ikiungwa na rauta, ili isile betri inazima redio yake vipande vipande. Ikiwa na kitu cha kutuma inaamka inarusha saa hiyo hiyo, ndo maana pedi zinalia papo hapo. Ila ikitumiwa, rauta inakuta mwenyewe kalala, inamwekea meseji pembeni mpaka itoe ule mlio wake wa kujitangaza, ambao rauta nyingi zinautoa kila baada ya milisekunde 102 hivi, ESP32 ikiamka kuusikiliza ndo inaambiwa una mzigo wako hapa. Kwa hiyo meseji iliyoingia muda mfupi kabla ya mlio inasubiri kidogo, iliyoingia mlio umetoka kupita inasubiri raundi nzima. We piga hesabu, singeli ya BPM 200, yaani midundo 200 kwa dakika, mdundo mmoja ni milisekunde 300, ukiukata mara nne kila kipande ni 75. Taa ikichelewa 100 imeshapitwa na kipande kizima na chenji. Kwenye taarab ya zamani labda hata usingeshtuka. Dawa ni mstari mmoja tu, ukishaunga waifai andika `WiFi.setSleep(false);`. Pawabenki itawahi kuisha, vumilia.

Jamaa wa Bluetooth hajakudanganya sana. MIDI, ile lugha ya vyombo vya muziki vya umeme, ya Bluetooth ipo, Mac na iPhone zinaipokea vizuri, kwenye Windows ndo utahangaika na programu za kati. Lakini we kwenye Pure Data `netreceive` ya kupokea na `oscparse` ya kusoma OSC zimo tayari, unabomoa nyumba kisa dirisha? Kinachoiua waifai ni msongamano. ESP32 hiyo inaongea kwenye 2.4 GHz tu, na huko ndo kumejaa kila kitu. Niliwahi kupeleka mtambo kama wako kwenye ukumbi wa harusi, mchana tumejaribu safi, usiku watu wamejaa kila mmoja na simu yake, ngoma ikaanza kuruka midundo. OSC yako inapita kwa UDP, njia ya kurusha data mtandaoni, na UDP haiulizi kama mzigo umefika. Kwa ngoma pigo moja likipotea limepotea, ila ingekuwa kinanda ukapoteza meseji ya kuachia noti, noti ingelia mpaka mtu achomoe waya. Tangu siku ile natembea na kebo ya USB mfukoni. Ukienda kwenye shoo iache ESP32 yenyewe iwe rauta, laptopu ndo iunge kwake, hapo hailali. Anwani yake huwa ni 192.168.4.1. Na bando halihitajiki, hakuna kinachotoka nje ya hapo ulipo.

Swali: Fundi, mi meseji za OSC nazipanga mwenyewe baiti kwa baiti. Nikituma "/ngoma" inaitika, nikituma "/ngoma/1" kimya. Msomaji, Mwanza.

Jibu: Hesabu herufi zako. Jina la OSC lazima liishe na baiti ya sifuri walau moja, halafu urefu wote ugawanyike kwa 4. "/ngoma" ni herufi 6, programu yako ikaongeza sifuri 2 zikawa 8, safi. "/ngoma/1" ni 8 tayari, programu ikasema imetosha haikuongeza kitu, kumbe hapo unatakiwa uongeze sifuri 4 ziwe 12. Kisha 4 za ",i" (alama kwamba inafuata namba) na sifuri zake mbili, 4 za namba yenyewe, jumla baiti 20. Mwenzio wa MIDI anasema neno hilo hilo kwa baiti 3, ila yeye namba zake zinaishia 127.