Kwa Anayeanza Kubuni Deraya ya Mlinzi wa Kesho

Deraya (vazi la kujikinga na silaha) ya kwanza niliyoichora, kwa ajili ya hadithi inayotokea Kigoma mwaka 2140, ilikuwa na mabamba ya chuma kifuani, mabegani na mapajani. Mzee mmoja mvuvi wa Kibirizi aliutazama mchoro kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, boti ikipinduka, huyu ataogeleaje?" Mlinzi wangu alikuwa akimsindikiza kiongozi kwa boti kwenda vijiji vya kaskazini, katika Ziwa Tanganyika lenye kina kinachozidi mita 1,400, nami maji sikuyafikiria hata kidogo. Tangu siku hiyo, kabla ya kujiuliza ni silaha gani itampiga mvaaji, najiuliza kwanza anashinda wapi na anafanya kazi gani.

Piga hesabu ya uzito mapema. Bamba la sentimita 25 kwa 30, lenye unene wa sentimita moja, likiwa la chuma lina karibu kilo 6. Likiwa la boroni kabaidi, aina ya kauri ngumu sana, halifiki kilo 2. Na likiwa la nyuzi za polithini ngumu, aina ya plastiki, halifiki hata kilo moja, tena huelea. Hata hivyo kila kimoja kina gharama yake. Kauri huvunja ncha ya risasi kwa kupasuka yenyewe, kwa hiyo risasi ya pili ikitua palepale hukuta kinga imedhoofika, na polithini haivumilii joto kali kama zinavyolivumilia nyuzi za aramidi, jamii ya Kevlar inayofumwa fulana za kuzuia risasi, aliyoigundua mwanakemia Stephanie Kwolek mwaka 1965. Ukibuni malighafi ya karne ijayo, ipe nayo udhaifu wake, kwa sababu humo ndimo hadithi inamopata pa kushika.

Usisahau pia kwamba risasi iliyozuiwa bado inaumiza. Katika majaribio ya Marekani fulana ya kuzuia risasi huwekwa juu ya udongo wa mfinyanzi unaosimama badala ya mwili, kisha hupigwa risasi, na kwa miaka mingi kikomo cha kina cha shimo linaloruhusiwa kubonyea nyuma yake kimekuwa milimita 44. Mlinzi wako basi asiinuke akakimbia kana kwamba hakuguswa. Mbavu zake zimepata kishindo.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni mgongo. Askari vitani humkabili adui kwa kifua, lakini kazi ya mlinzi, hatari inapotokea, ni kumkumbatia anayemlinda, kumwinamisha na kumwondoa, na mara nyingi katika kufanya hivyo anaupa mgongo upande zinakotoka risasi. Wengi wa wanaoanza huweka bamba zito mbele na kitambaa chepesi nyuma, ilhali kwa mlinzi huyu mgongo unastahili kinga isiyopungua ile ya kifua. Kiuno nacho kiachwe huru kuinama, na pale kwenye viungo unaweza kutumia kitambaa kilicholoweshwa kimiminika kinachokakamaa kinapopigwa ghafla, ambacho watafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware wameshakifanyia majaribio. Koroga wanga wa mahindi na maji kidogo kwenye bakuli, uugonge kwa ngumi, kisha uchovye kidole polepole. Utaielewa tabia hiyo kuliko kwa maelezo yangu.

Katika mchoro ninaoutumia sasa, deraya inavaliwa chini ya shati pana, ina njia za hewa kwa ajili ya joto la Kigoma, na mabamba yote yameshikwa na kamba moja iliyopita begani, ambayo mlinzi akiivuta kwa mkono wowote, hata akiwa majini, yanaanguka yote kwa pamoja.