Wasomaji Wanauliza: Poe Peke Yake Jukwaani

Wakubwa, shikamooni. Kikundi chetu kinataka kuandaa mchezo wa mtu mmoja juu ya Edgar Allan Poe, yule Mmarekani wa hadithi za kutisha. Maisha yake yana mambo mengi mno. Tuanzie wapi, na muswada uwe na urefu gani? — Msomaji, Morogoro

Marahaba. Msianzie kuzaliwa. Mkianza Boston, Januari 1809, mkasonga mwaka baada ya mwaka, mtatoa kipindi cha historia. Anzieni Baltimore, 3 Oktoba 1849, siku ya uchaguzi: Poe anakutwa kwenye baa iliyogeuzwa kituo cha kura, hajielewi, kavaa nguo zisizo zake. Alifia hospitali tarehe 7, na kilichomuua hakijathibitishwa mpaka leo. Mgonjwa anayeweweseka anaruka toka mwaka huu hadi ule bila kuhitaji msimulizi, nanyi mnapata mlango wa kupitishia kila kitu.

Kisha chagueni majeraha matatu, basi. Mama yake, mwigizaji, aliyekufa Desemba 1811 mtoto hajatimiza miaka mitatu. John Allan, mfanyabiashara wa Richmond aliyemlea bila kumwasili kisheria na kufa bila kumwachia urithi. Na Virginia, binamu yake aliyemwoa mwaka 1836 binti akiwa na miaka 13 (msiufiche umri huo, watazamaji wataujua tu). Januari 1842 Virginia alikuwa akiimba, damu ikamtoka mdomoni. Kifua kikuu kikamla taratibu kwa miaka mitano. Jeshi, chuo cha kijeshi cha West Point, magazeti aliyoyahariri: sentensi moja moja zinatosha.

Kwa dakika 60 andikeni maneno 5,500 hivi, maana ukimya nao unakula muda. Na msiweke mapumziko. Watu wakishatoka kunywa soda, mwigizaji mmoja hana wa kumsaidia kuwarudisha.

Tunatafsiri "The Raven", shairi la Poe ambamo kunguru anaingia kwa mtu mwenye majonzi na kumjibu neno moja tu, "Nevermore", yaani "kamwe tena". Huku kwetu kunguru ni mwizi wa samaki, watu watacheka. Na ile "Nevermore" tuiweke vipi? — Msomaji, Mombasa

Wacheke. Ndani ya shairi lenyewe yule mtu anatabasamu kwanza anapomwona ndege akijikweza juu ya sanamu iliyo juu ya mlango. Woga unakuja baadaye, kwa sababu ndege harudi nyuma. Kinachoharibu ni kuleta ndege wa kitambaa jukwaani. Bandikeni kipande cha tepu juu ya mlango, kama mita 2.5 kutoka sakafuni, na mwigizaji asiyahamishe macho hapo hata kidogo. Macho yakipanda na kushuka, ndege amekufa.

Kuhusu neno, Poe alieleza mwaka 1846 kwamba alilitaka kwa mlio wake, ile "o" ndefu pamoja na "r". Kwa hiyo tafuteni mlio kabla ya maana. "Kamwe" inafunga midomo katikati, sauti inazimika. "Abadani" ni tamu, lakini ni ndefu kwa mdomo wa ndege. Sisi tungechukua "Katu": inatoka kooni na kukatika. Tena inakaa vizuri kama jibu. Mtu anauliza kama atamkumbatia Lenore, mpenzi wake aliyekufa, peponi, anajibiwa, "Katu." Mashairi ya Poe hayana tena hakimiliki, ila tafsiri ya mtu mwingine ina mwenyewe, ombeni ruhusa au tafsirini wenyewe.

Mwigizaji wetu anaruka beti. Yuko wa tisa, ghafla yuko wa kumi na nne. Kumbukumbu yake ni nzuri kwingine kote. — Msomaji huyo huyo

Kosa si la kumbukumbu. Shairi lina beti 18, na 11 za mwisho zote zinafungwa na neno lile lile. Akili ikifika kwenye neno hilo inakuta njia kumi na moja, inashika yoyote. Mpeni kila ubeti mahali pake: wa nane mlangoni, wa tisa hatua mbili mbele, wa kumi mkono kwenye kiti, na kuendelea. Afanye mazoezi ya mwendo peke yake bila maneno mara tano, ndipo arudishe maneno. Jagi na bilauri viwe juu ya meza ya kuandikia tangu mwanzo, ili akikwama anywe maji na watazamaji wasijue.

Mapigo ya moyo ya "The Tell-Tale Heart", hadithi ya Poe ya muuaji anayeusikia moyo wa aliyemuua ukidunda mbele ya polisi, tuliyatoa kwenye simu iliyounganishwa na spika ndogo. Yalisikika kama mtu anagonga bati. — Msomaji, Kisumu

Spika ndogo haitoi besi, na moyo wote ni besi. Tumieni ngoma kubwa nyuma ya pazia, ngozi yake ifunikwe kanga iliyokunjwa mara nne, ipigwe kwa kiganja. Hadithi yenyewe inaufananisha mlio huo na saa iliyofungwa ndani ya pamba. Anzeni mapigo 60 kwa dakika, chini kiasi cha mtu kujiuliza kama amesikia. Fikeni 120 polisi wakiwa wameketi. Mpigaji amtazame mwigizaji kupitia upenyo wa pazia. Mkirekodi, siku mwigizaji akichelewa, moyo utamtangulia.

Je, Poe aigizwe kama mlevi? — Msomaji, Dodoma

Alikunywa, ndiyo. Lakini picha ya mlevi kichaa ilikuzwa na Rufus Griswold, hasimu wake, aliyeandika tanzia ya kumponda kwa jina la bandia siku mbili tu baada ya kifo, kisha akaghushi hata barua zake. Onyesho moja la ulevi linatosha, na humo ajitahidi kutembea sawasawa, afunge vifungo vya koti polepole, akosee kimoja.

Masharubu ya kubandika yaacheni. Chini ya taa jasho litayang'oa kabla ya Virginia kufa.