Kinga ya vibao vya tanuri kubanduka

Dada, umeuliza kama uongeze unene wa kinga unayopaka kwenye vibao vya kupangia vyombo ndani ya tanuri, maana inabanduka. Hapana, usiongeze unene, ndio kwanza itabanduka zaidi. Umesema unapaka kaolini (udongo mweupe wa ufinyanzi) ya Malangali iliyokorogwa na maji tu, na tanuri lako la hapo Iringa linafika nyuzi 1,200. Kaolini mbichi ikipata joto la nyuzi 500 hadi 600 inapoteza maji yaliyofungwa ndani yake, karibu asilimia 14 ya uzito, halafu inaendelea kusinyaa. Kibao kilishachomwa kiwandani, hakisinyai tena. Basi tabaka linapasuka kama tope la bwawa lililokauka.

Chukua nusu ya hiyo kaolini, iweke kwenye chungu kisicho na glezi (ule mpako wa vyombo unaoyeyuka na kuwa kama kioo), ichome hadi kama nyuzi 1,000. Ikipoa ichanganye na ile nusu mbichi, mbichi ndiyo inayoshika. Ongeza unga wa alumina (oksidi ya alumini) kiasi sawa na kaolini yote ukiupata (bei yake, pole!), maana huyeyuka juu ya nyuzi 2,000 na glezi ikidondoka haing'ang'anii sana. Kwangua tabaka la zamani ukiwa umevaa barakoa, lowanisha kibao, paka mara mbili nyembamba. Upande wa chini usipake kabisa. Ukipaka, vipande vitaangukia vyombo vilivyo chini yake.