Kupokonya au kusalimisha? Jibu langu kuhusu mikutano ya silaha

Ndugu uliyeleta uzi, umeuliza mambo mawili. La kwanza, mikutano ya kudhibiti silaha imetusaidia nini, ilhali Azimio la Nairobi, la nchi za kanda yetu kuhusu silaha ndogo, lilitiwa saini tarehe 15 Machi 2000 na hadi leo watu wanauawa kwa bunduki haramu kaskazini mwa Bonde la Ufa? La pili, mpwa wako anasomea diplomasia na anataka kuingia upande huu, na wewe unaogopa atapoteza ujana wake. Nimefanya kazi ya ukalimani na ufasiri hapa Nairobi kwa zaidi ya miaka 20, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa ya silaha. Nitakujibu kwa niliyoyaona.

Mwaka 2006, serikali ikiendesha Operesheni Dumisha Amani ya kukusanya bunduki haramu, nilifuatana na watu wa amani hadi kijiji kimoja ng'ambo ya Kacheliba, Pokot Magharibi. Mimi nieleze kwa Kiswahili yaliyomo katika Itifaki ya Nairobi, mkataba wa kanda yetu wa kudhibiti silaha ndogo, na mwalimu mmoja kijana ayageuze kwa Kipokot. Wazee walikuwa wameketi chini ya mti, kila mmoja na kigoda chake kidogo cha mbao alichokuja nacho. Nikaanza na "upokonyaji wa silaha", maana ndivyo redio na magazeti yetu yanavyosema. Mwalimu akanyamaza. Akanisogelea, akaninong'oneza: "Bwana, nikiwaambia hivyo, baraza limekwisha. Anayepokonya ni mwizi."

Nikabadilisha nikasema "kusalimisha". Wazee wakatulia. Kisha mmoja akasimama, akaegemea fimbo yake, akaniuliza: "Kijana wangu, ng'ombe wangu wanakunywa maji ya mto huu. Watu wa ng'ambo pia wanakunywa hapahapa. Mimi nikisalimisha leo, yule anasalimisha lini?"

Hakuwa anabisha ili abishe. Uganda ilianza kukusanya bunduki za Wakaramojong, wafugaji wa kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, mwishoni mwa mwaka 2001, na waliotoa zao wakavamiwa na majirani waliobaki na zao, wakiwemo wa upande wetu wa mpaka. Mzee alilijua hilo kuliko mimi. Alikuwa ameona kinachompata anayetangulia kuweka silaha chini peke yake.

Naomba ulitazame swali lake vizuri, kwa sababu ndilo swali lililowaweka Marekani na Muungano wa Kisovieti mezani kwa miaka. Desemba 1987 viongozi wao, Reagan na Gorbachev, walikubaliana kuondoa makombora yote ya masafa ya kati yanayorushwa kutoka ardhini, na kufikia 1991 yalikuwa yameharibiwa 2,692. Yaliwezekana kwa kuwa kila upande ulikubali wakaguzi wa mwenzake waje waone kwa macho. Marekani ilipojitoa katika makubaliano hayo mwaka 2019, ikiilaumu Urusi kwa kuvunja masharti, palikuwa hapana tena mahali pa kuuliza "na wewe unasalimisha lini?" na kupata jibu linalokaguliwa. Ng'ombe au makombora, hofu ni ileile.

Sasa turudi kwetu. Azimio la 2000 lilikuwa ahadi ya nchi 10. Lilisema nia, lakini halikumfunga mtu. Itifaki iliyotiwa saini hapahapa Nairobi tarehe 21 Aprili 2004 ndiyo sheria, na ilianza kutumika Mei 2006. Kwa mfasiri, tofauti hiyo iko kwenye kitenzi. Katika hati nyingi za kimataifa za silaha, ukiwemo Mpango wa Utekelezaji wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2001, huwezi kuandika kwamba nchi zimelazimika kisheria, kwa sababu hazijalazimika. Katika Itifaki unaandika "zitahakikisha", "zitapiga marufuku". Inakataza raia kumiliki bunduki za rashasha. Inataka kila bunduki itiwe alama inapotengenezwa na inapoingizwa nchini, na zile zilizo mikononi mwa serikali zitiwe alama na kuandikwa kwenye rejesta. Nimeshuhudia wajumbe wakishinda mchana kutwa kwenye sentensi moja, na zamani nami niliona ni kupoteza wakati. Siku hizi nikiona mjumbe anang'ang'ania neno, nakaa wima, najua kuna nchi mle ndani inatafuta mlango wa kutokea.

Alama zenyewe nimeziona zikitiwa. Kituo cha kanda cha silaha ndogo, RECSA, kiko hapa Nairobi tangu 2005, na mojawapo ya kazi zake ni kuzipatia nchi wanachama mashine za kutia alama. Nilikuwa kambini siku moja kuwatafsiria maofisa waliotoka Kongo, Kiswahili cha Bukavu na Kifaransa vikipokezana. Bunduki inabanwa kama kwenye jiliwa la fundi. Sindano ngumu inashuka, inagonga chuma nukta baada ya nukta, mlio wake kama wa cherehani, na polepole unaona herufi za nchi, kisha namba. Askari anapangusa vumbi la chuma kwa kitambaa chenye mafuta, anaisoma namba kwa sauti, mwenzake anaandika. Inayofuata.

Pembeni palikuwa na bunduki chache zilizokamatwa. Moja ilikuwa imepigwa tupa pale namba ilipokuwa, chuma kikabaki kinang'aa. Ofisa mmoja akaigeuzageuza, akasema, "Hii hata ukiiuliza haisemi." Sentensi hiyo imenifunza udhibiti wa silaha kuliko hotuba nyingi nilizozitafsiri. Bunduki yenye namba ikiokotwa kwenye uvamizi inaweza kufuatiliwa hadi ghala ilikotoka, na wapo wanaotoka usingizini wakisikia hivyo, maana si silaha zote haramu zilizovuka mpaka usiku. Nyingine zilianza maisha yao zikiwa halali, katika ghala za dola, zikapotea, zikauzwa, zikakodishwa. Bila mkutano wa kukubaliana namna ya kuandika hiyo namba na nani amjibu nani anapouliza, kila nchi ingekuwa na rejesta yake isiyosomeka kwa jirani.

Usinielewe kwamba kila kitu kimeenda sawa. Kuna jambo linaloniuma. Mwaka 2006 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi saba zilizoandika azimio la Umoja wa Mataifa lililofungua njia ya Mkataba wa Biashara ya Silaha. Saba tu duniani, na sisi tumo, pamoja na Uingereza, Japani, Finland, Australia, Argentina na Costa Rica. Mkataba ukapitishwa tarehe 2 Aprili 2013 kwa kura 154 dhidi ya 3. Ulipoanza kutumika tarehe 24 Desemba 2014, Kenya haikuwa imetia saini. Tulipanda mbegu, na wenzetu wakaenda shambani kuvuna tukiwa tumesimama kando. Nimetafuta maelezo yanayoniridhisha sijayapata, na naamini wale tunaowalipa mishahara wanapaswa kutupa jibu hilo sisi wananchi.

Kwa upande wa mabomu ya kutegwa ardhini tulitimiza neno letu. Kenya iliharibu akiba yake ya mabomu 35,774 kufikia Agosti 2003, na mwaka uliofuata dunia ikaja Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa hapa Nairobi, kuutathmini Mkataba wa Ottawa unaopiga marufuku mabomu hayo, kuanzia Novemba 29 hadi Desemba 3. Ilikuwa moja ya kazi zangu za kwanza. Walikuja manusura wenyewe, na mmoja, mguu wake wa bandia ukigonga sakafu, aliniomba nisimwite "mhanga" kwenye kipaza sauti. Nilitii, na sijalitumia neno hilo kwa aliye hai tangu siku ile. Kwa hiyo unaweza kujua nilivyojisikia mwaka 2025, Lithuania, Latvia, Estonia, Finland na Poland zilipotoa taarifa za kujitoa kwa kuihofia Urusi. Siidharau hofu yao. Ni swali la mzee wa Kacheliba tena.

Nilikuwepo pia Ngong Novemba 2016 bunduki 5,250 zilipochomwa. Vitako vya mbao vilishika moto haraka, mitutu ikabaki imelala kwenye majivu. Watu walipiga picha wakaondoka. Mimi nilikuwa nahesabu kichwani ng'ombe ambao hawataibiwa, na watoto.

Kwa hiyo mpwa wako aende, tena aende na lugha. Ajifunze Kifaransa na Kiarabu, maana nchi kadhaa za kanda yetu zinazungumza hizo, na asikiache Kiswahili. Aisome Itifaki ya Nairobi yote kwa jioni moja, si ndefu, na akifika kwenye vifungu vya kutia alama na kutunza rejesta aandike vitenzi pembeni. Kisha asiishie Gigiri. Apande gari hadi Kapenguria, Pokot Magharibi, aombe kupelekwa barazani, akae kimya siku ya kwanza. Mimi nilirudi kijijini kule miaka miwili baada ya baraza lile, na mzee yule alinikumbuka. Aliniuliza kama watu wa Moroto, ng'ambo Uganda, wameanza kuandikiwa bunduki zao namba. Nikamwambia kazi imeanza. Akaniambia nikienda tena Nairobi niwaambie wakubwa waje wasome hizo namba mbele yake, za kwake na za jirani, siku moja, mahali pamoja.