Maswali ya Wasomaji: Mkono Unaokimbilia Mpira Mweusi

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni kijana wa miaka 24, na huu ni mwaka wangu wa tatu kucheza pool hapa Morogoro. Mwanzo wa mchezo huwa ninacheza vizuri kiasi cha watu kuanza kunihesabia ushindi, lakini inapobaki mipira miwili na ule mweusi, unaozamishwa mwisho ili kushinda, mikono inatetemeka na ninajikuta nimeshapiga kabla sijajipanga. Wiki iliyopita nilikosa mpira mweusi uliokuwa shubiri moja tu kutoka shimoni, mpinzani akasimama na kumaliza mipira yake minne mfululizo. Wenzangu wananiambia nitulie, nami nakubali kwamba sijatulia, ila hakuna anayenieleza nitulie vipi. Nifanye nini?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu jambo unalolieleza lilinisumbua mimi kwa miaka mingi kuliko hiyo mitatu yako, na kwa sababu umeuliza swali ambalo wachezaji wengi huona haya kuliuliza. Kumwambia mtu aliyeshika fimbo kwamba atulie ni kumpa amri bila kumpa kazi. Mwili ulioingiwa na wasiwasi hausikii amri, ila hufuata kazi uliyozoeshwa. Kwa hiyo nitakupa kazi.

Tuanze na kinachokupata. Mipira inapobaki michache, moyo hupiga haraka, pumzi hupanda kifuani na kuwa fupi, na vidole vya mkono wa nyuma huikaba fimbo bila wewe kujua. Kiganja kikishakakamaa, fimbo haiendi tena kwenye mstari wake, bali huchepuka kidogo mwishoni, hasa pale unapoinua kichwa mapema ili uone kama mpira umeingia. Kuchepuka huko kudogo kuna gharama kubwa. Mpira wa pool wa kawaida una kipenyo cha milimita 57 hivi. Ukikosea mwelekeo wa mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, kwa digrii 1 tu, na mpira unaoulenga uko umbali wa mita 1, mweupe utafika ukiwa umehama milimita 17 hivi, yaani karibu theluthi ya upana wa mpira wenyewe. Ndiyo maana mchezaji aliyezamisha mipira mitano migumu akiwa amelegea anaweza kukosa mmoja mwepesi akiwa amekaza mkono. Ujuzi wake hajaupoteza ndani ya dakika tatu. Kilichobadilika ni mkono.

Haraka nayo ina chanzo chake. Wasiwasi ni hali inayoumiza, na mwili hutafuta njia ya karibu ya kutoka humo, na njia ya karibu kabisa ni kupiga ili jambo liishe. Wakati huo hutafuti kuzamisha mpira, unatafuta kumaliza mateso. Nakuomba ufanye jaribio moja kabla ya kubadilisha chochote: mwombe rafiki yako akurekodi kwa simu katika michezo minne au mitano, kisha hesabu sekunde kutoka unapoinama hadi unapopiga, kwa mpira wa kwanza na kwa ule mweusi. Mimi nilipojipima hivyo, niligundua kwamba mipira ya mwanzo nilikuwa naipa sekunde saba, na mweusi sekunde tatu. Niliona aibu, lakini tangu siku ile nilijua ninachokitafuta: ule mweusi nao upate sekunde zake saba.

Sasa kazi yenyewe. Maamuzi yote yafanyike ukiwa wima. Simama nyuma ya mpira mweupe, hatua moja kutoka mezani, uuone mstari mzima kutoka kwenye mweupe hadi shimoni, na uamue mambo matatu: utaugusa wapi mpira unaoulenga, utapiga kwa nguvu kiasi gani, na mweupe usimame wapi baada ya hapo. Hili la tatu lifanye hata kwa mpira mweusi wa mwisho, ingawa hakuna mpira mwingine unaoufuata, kwa sababu anayejua mweupe utasimama wapi hawezi kupiga kwa nguvu za hasira, na pia hatauacha utumbukie pamoja na mweusi na kumkabidhi mpinzani ushindi. Paka chaki kwenye ncha ya fimbo wakati huo huo, na chaki ikirudi ukingoni mwa meza, iwe ndiyo alama kwamba umekwisha kuamua. Vuta pumzi kwa pua, itoe taratibu kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, kwani ni katika kutoa pumzi ndipo mapigo ya moyo hupungua. Kisha ingia kwenye mstari na uiname.

Ukishainama hakuna tena kufikiri. Peleka fimbo mbele na nyuma mara tatu, idadi ile ile kwa kila mpira, uisimamishe kidogo karibu na mweupe, macho yahamie kwenye mpira unaoulenga na kutua hapo, kisha vuta nyuma polepole na upige. Baki umeinama hadi usikie mpira umeanguka. Kubaki chini kunaonekana kama pambo, lakini mtu aliyekusudia kubaki chini hawezi kuinua kichwa katikati ya pigo.

Nimesema macho yatue, na hapo naomba nikae kidogo, kwa sababu wengi hulipuuza. Mtafiti Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary, nchini Kanada, aliuita mtazamo huo wa mwisho, unaotua juu ya shabaha kabla mwili haujatenda, kwa maneno yenye maana ya jicho tulivu. Mwaka 2002 Mark Williams, Robert Singer na Shane Frehlich walichapisha utafiti uliopima macho ya wachezaji wa biliadi, mchezo wa jamii moja na pool, wakakuta kwamba wenye ustadi huyatuliza macho yao kwa muda mrefu zaidi kuliko wasio na ustadi, na kwamba mapigo yaliyofanikiwa yalitanguliwa na mtazamo mrefu kuliko yaliyokosewa. Walipopunguziwa muda wa kujiandaa, uchezaji wao ulishuka. Kwa hiyo sekunde unazozikata kwenye mpira mweusi ni sekunde za macho, na mkono unabaki unatafuta shimo gizani.

Kuna jambo gumu kuliko yote hayo, nalo ni kuinuka. Ukiwa umeinama na shaka ikaingia, au mtu akapita mbele yako, au muziki ukakatika ghafla na ukashtuka, inuka. Rudi nyuma ya mpira, anza upya. Vijana wengi huona haya kuinuka mbele ya watu, wakidhani wataonekana waoga, kumbe kupiga ukiwa na shaka ndiko kunakokugharimu mchezo. Nilipokuwa na umri kama wako nilifika nusu fainali ya shindano la mtaani, nikainama juu ya mpira mweusi ulionyooka kabisa, na mtazamaji mmoja akasema kwa sauti kwamba mchezo umekwisha. Nilihisi wazi kwamba fimbo imehama kidogo. Nilipiga hivyo hivyo, kwa sababu nilitaka aliyesema aonekane amesema kweli. Mpira uligonga ukingo na kurudi katikati ya meza, na hadi leo naweza kukuonyesha mahali uliposimama.

Wala usidhani ni ugonjwa wa meza za mtaani. Mwaka 1994, kule Sheffield nchini Uingereza, fainali ya dunia ya snuka, mchezo ulio ndugu wa pool, ilifika mchezo wa mwisho Jimmy White na Stephen Hendry wakiwa wameshinda michezo 17 kila mmoja. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya White, na fainali yake ya sita bila kuwahi kutwaa taji. Akiwa anaongoza pointi 37 kwa 24, alipata mpira mweusi ukiwa mahali pake pa kawaida, pigo ambalo alikuwa amelipiga maelfu ya mara, akaukosa. Hendry aliinuka kitini, akakusanya pointi 58 kwa zamu moja, na taji likaondoka naye. Ukitazama picha za tukio lile, mtazame pia Hendry, aliyekuwa amekaa akisubiri bila kujua kama atapewa nafasi tena, na bado alipoipata aliingia mezani kwa mwendo wake ule ule.

Kuhusu mazoezi, acha kwa mwezi mmoja kupanga mipira yote kila mara. Weka mipira miwili na mweusi mahali popote mezani, mweupe uuweke kwa mkono, na umalize. Ukikosa, rudisha yote na uanze tena, na usiondoke mpaka umefaulu mara tano mfululizo. Utaona kwamba mara ya nne na ya tano mikono inaanza kutetemeka hata kama uko peke yako, na hilo ndilo tunalolitaka, kwa sababu sasa una mahali pa kufanyia mazoezi ya kutetemeka bila kulipia meza ya mtu mwingine.

SWALI: Habari Mshauri. Mimi ni mwanamke, ninacheza pool Nakuru katika timu ya mchanganyiko. Tatizo langu ni kwamba ninakaa muda mrefu mno juu ya mpira, nikibadilisha mawazo mara tatu nne, mpaka mkono unakuwa mzito. Wapinzani wananilalamikia, na wengine sasa wanacheza polepole makusudi ili kunilipizia. Je, kuna muda unaofaa kwa kila pigo?
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Dada, muda mmoja unaomfaa kila mtu haupo. Katika Kombe la Mosconi, linalozikutanisha timu za Ulaya na Marekani, mchezaji hupewa sekunde 30 kwa pigo na saa inahesabu mbele ya watazamaji, na kwa mapigo mengi hizo zinatosha na kubaki. Upande mwingine yuko mchezaji wa snuka Ronnie O'Sullivan, ambaye mwaka 1997 alikusanya pointi 147 kwa zamu moja, kwa muda usiozidi dakika tano na nusu. Hiyo ni mipira 36, wastani wa chini ya sekunde 10 kwa kila mmoja, pamoja na kutembea kuizunguka meza. Ukimwona unaweza kudhani ana haraka, lakini ule ndio mwendo wake wa asili, na nakusihi usijilazimishe kuuiga, kama nisivyotaka umwige mchezaji mzito.

Tatizo lako na la kijana wa Morogoro vinatoka mahali pamoja, ingawa yeye anakimbia na wewe unaganda: wote wawili mnaamua mkiwa mmeinama. Mtu aliyeinama huona mstari mmoja tu, shingo inachoka, macho yanakauka, na kila sekunde inayopita huongeza shaka badala ya kuiondoa. Fikiri ukiwa wima kwa muda wako wote, hata kama ni sekunde 20, halafu ukiinama pigo litoke ndani ya pumzi mbili. Wazo jipya likija ukiwa chini, usilijadili hapo. Inuka, ulitazame kutoka juu, uchague moja. Nina hakika malalamiko ya wapinzani yatapungua, kwa kuwa watu hawachoshwi sana na mchezaji anayefikiri akiwa amesimama kama wanavyochoshwa na anayeinama bila kupiga.

Ama hao wanaochelewesha makusudi, wanachokitaka ni kukufanya uinuke kitini ukiwa na hasira na upige kwa mwendo wao. Ukae, fimbo uiegemeze, utazame meza na si uso wa mtu, na zamu yako ikifika anza tangu mwanzo: simama nyuma ya mweupe, chaki, pumzi, uiname. Ikiwa mashindano yenu yana mwamuzi, mweleze yeye jambo hilo kwa adabu baada ya mchezo kumalizika.

SWALI: Mshauri, wachezaji wengi hapa Mwanza wanasema bia mbili kabla ya mchezo zinaondoa woga. Ni kweli?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Zinaondoa woga, ndugu yangu, na pamoja nao zinaondoa ule uangalifu wa macho niliomweleza kijana wa Morogoro. Pombe humfanya mtu ajione ametulia huku mikono na macho vikiwa havielewani vizuri, na anayeizoea hujikuta hawezi kucheza bila hiyo, kisha mbili zinakuwa nne. Nimewaona vijana wenye vipaji wakiishia hapo, na inanisikitisha kila nikiwakumbuka.

Nitaongeza jambo moja kwa sababu nimewahi kuulizwa. Zipo dawa za moyo za kundi la beta-bloka zinazopunguza mapigo na mtetemeko wa mikono, na shirika la WADA, linalopiga vita dawa haramu michezoni, limezipiga marufuku katika mashindano ya michezo ya biliadi, pool ikiwemo. Mbali na marufuku hiyo, dawa hizo zinaweza kumdhuru vibaya mwenye pumu, kwa hiyo asizinywe mtu ambaye hakuandikiwa na daktari. Mezani beba chupa ya maji, na unywe wakati mpinzani wako anapocheza.